Baiskeli Iliyochelewa Kukata Kona

Nilipokabidhiwa baiskeli mpya, mabomba yake yalikuwa bado yamezungushiwa makaratasi ya kahawia. Niliyabandua mwenyewe, taratibu, nikiwa nimekaa kwenye ngazi ya zahanati, na wagonjwa waliokuwa wakisubiri dawa wakanisaidia kwa macho. Ilikuwa nyeusi, ya kike, isiyo na bomba la juu, yenye keria pana na kengele iliyolia vizuri. Haikuwa na springi mahali popote isipokuwa chini ya kiti. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, na sikuwa nimewahi kupewa kitu kipya cha chuma maishani mwangu.

Ilikuwa miaka ya sabini, wakati watu wengi wa vijiji vya Shinyanga walikuwa wamehamia maeneo mapya, mengine mbali na zahanati. Mimi nilikuwa muuguzi msaidizi. Jumanne na Alhamisi nilikwenda vijijini kupima uzito wa watoto. Nilifunga kwenye keria sanduku la mbao lenye mizani ya kuning'iniza, kadi za watoto, dawa za minyoo na chupa za dawa ya macho. Kabla ya hapo nilitumia baiskeli kuukuu ya zahanati, iliyopinda hapa na pale, yenye pedeli moja ya mti. Ile kuukuu ilikuwa mbaya kwa kila kitu, ila kona ilikata kama mbuzi.

Mpya haikukata kona. Sijui nieleze vipi kwa mtu ambaye hajaiendesha. Ukigeuza usukani ilikuwa kama inakusikia, kisha inafikiri kwanza. Ukizidisha nguvu, ghafla inakubali yote kwa pamoja na kutaka kulala upande. Siku ya kwanza nilifika mahali njia inapogawanyika kwenye kichuguu kikubwa, nikageuza kushoto kama nilivyozoea, na baiskeli ikaendelea mbele kwa utulivu hadi ndani ya shamba la pamba la watu. Wanawake wawili waliokuwa wakichuma waliinua vichwa.

"Nesi," mmoja akaniuliza, "umekuja kupima pamba?"

Nilicheka nao, lakini njia nzima ya kurudi nilikuwa nikijiuliza. Kitu kipya, kimenyooka, kimepakwa rangi, kinashindwa vipi na kitu kikuukuu kilichopinda?

Mganga wa zahanati alisema ni mikono yangu, nitazoea. Nikampa wiki mbili za kuzoea. Sikuzoea.

Wakati huo mume wangu alikuwa upande wa Geita, akifanya kazi na watu waliopima miamba, na alirudi nyumbani mara moja kwa mwezi, wakati mwingine miwili. Mimi niliishi na wazazi wake Ngokolo, katika nyumba yenye uzio wa manyara na ua mpana ambao mama mkwe aliufagia kila asubuhi mpaka ukawa kama ubao. Nilikuwa mgeni bado. Kwetu ni Ushirombo, sisi ni Wasumbwa, na Kisukuma changu kilikuwa cha kusalimia na kununulia vitu sokoni.

Baba mkwe alikuwa amefanya kazi kwenye jineri, kiwanda cha kuchambulia pamba, tangu ujana wake, fundi wa mitambo, mpaka siku robota la pamba lilipomwangukia mguu. Tangu hapo goti lake la kulia halikujikunja. Alistaafishwa, na sasa alikaa kwenye kigoda chini ya ukingo wa paa akitengeneza pampu, taa na vyerehani vya majirani. Alikuwa mtu wa maneno machache. Na kwangu alikuwa na machache zaidi, kwa sababu ya ukwe.

Lazima nieleze ukwe wa nyumba ile, maana vinginevyo hadithi hii haina maana. Mimi na baba mkwe hatukushikana mikono. Nilimsalimia asubuhi nikiwa nimepiga magoti, mbali kidogo, macho chini: "Shikamoo, baba." Naye, akiangalia pembeni: "Marahaba, mama." Basi, mpaka kesho yake. Hakuingia jikoni nikiwamo. Akitaka kunipa kitu alikiweka chini, akasogea, nami nikakiokota. Hapakuwa na chuki hata chembe. Ilikuwa heshima, na wote wawili tuliishika kwa uangalifu kama watu waliobeba sufuria ya uji wa moto. Kukiwa na la kusema, lilipitia kwa mama mkwe.

Kwa hiyo suala la baiskeli nilimwambia mama.

"Mama, naomba umwambie baba baiskeli yangu ni nzito kukata kona."

Mama akavuka ua. Nikamsikia akimwambia kwa Kisukuma, kwa kifupi, kisha akarudi kwenye kunde zake. Jioni ile nilikuta baiskeli imepinduliwa, magurudumu juu, na baba mkwe ameyafungua yote mawili. Kesho yake asubuhi ilikuwa inang'aa kwa grisi. Mnyororo ulikuwa umeoshwa kwa mafuta ya taa. Nikapanda, nikakanyaga pedeli mara mbili, na ikaondoka kama imetupwa. Haikuwahi kwenda kasi vile. Kwenye lango la uzio nikageuza usukani, ikafikiri kwanza kama kawaida yake, na mimi na sanduku langu tukaingia kwenye manyara.

Mama alikuja mbio, akanifunika uso kwa kanga maana utomvu wa manyara hupofusha macho. Nilikuwa mzima. Aliponitoa matawi kichwani nikamuuliza, "Mama, ulimwambiaje baba?"

"Nimemwambia unasema ni nzito."

"Nzito kufanya nini?"

"Nzito!" akasema. "Mambo ya kona siyajui."

Baba mkwe alikuwa amesimama kando ya kigoda chake, ameshika ukuta, akiangalia manyara yaliyovunjika. Nadhani pale ndipo alipoanza kushikwa na jambo hili. Yeye mwenyewe hakuweza kupanda baiskeli kwa sababu ya goti. Alichoweza kujua juu ya ile baiskeli ni kile tu mimi nilichohisi kwenye mikono yangu, na kilikuwa kinamfikia kikiwa kimepungua.

Siku iliyofuata mama alinijia na swali. Alikuwa amelikariri, nikaona anavyolishika kwa makini.

"Baba yako anauliza, ni nzito kama ndoo iliyojaa maji, au ni nzito kama mlango uliovimba kwa mvua?"

Niliacha kusonga ugali. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali zuri vile. Nikatoka nje, nikapanda, nikazunguka ua polepole nikiwa nimefumba jicho moja, nikisikiliza mikono. Ndoo iliyojaa ni nzito lakini inakwenda. Mlango uliovimba unakwama, kisha unaachia.

"Mwambie kama mlango," nikasema. "Ila nusu. Nusu mlango, nusu ndoo."

Mama akaniangalia kwa huruma, akaenda kusema.

Baba mkwe alifungua shingo ya usukani. Niliona kutoka jikoni alivyozimwaga gololi kwenye kifuniko cha sufuria, zikalia kama mahindi, na alivyomwonyesha mama kidole chake kikiwa kikavu. Hazikuwa na grisi hata tone, na nati yake ilikuwa imekazwa kupita kiasi. Akazipaka, akazirudisha moja moja, akakaza kidogo tu. Nilipopanda tena, ule mlango ulikuwa umeondoka. Usukani uligeuka kwa kidole. Hata kwenda moja kwa moja kulikuwa kumenyooka, bila kuyumbayumba. Lakini ndoo ilibaki. Baiskeli bado ilitaka kwenda mbele kuliko nilivyotaka mimi.

Nikamwambia mama yote hayo. Nikamwambia kwamba sasa mwanzo wa kona ni mwepesi lakini katikati ni pazito, na kwamba kwenye mchanga ni tofauti na kwenye ardhi ngumu, na kwamba nikiwa na sanduku inazidi, ila si sana. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akaweka ungo chini.

"Yaya," akasema, yaani hapana. "Mimi si posta. Maneno yenu yamekuwa marefu. Kaongeeni wenyewe."

"Mama, nitaongeaje na baba?"

"Baiskeli ina pande mbili. Yeye akae huku, wewe kule. Mimi nitakaa hapa na karanga zangu."

Ndivyo ilivyokuwa. Baiskeli ikasimamishwa katikati ya ua kwa stendi yake. Baba mkwe upande mmoja kwenye kigoda, mimi upande wa pili kwenye mkeka, mama kando akimenya karanga. Kwa siku kadhaa za mwanzo hatukuangaliana. Nilisema nikiangalia gurudumu la mbele, naye alijibu akiangalia la nyuma. Mtu aliyepita barabarani angedhani kila mmoja wetu anazungumza na chuma.

"Inachelewa," nilisema siku ya kwanza.

"Inachelewa kuanza au inachelewa kumaliza?"

"Kuanza, baba."

Karanga zikalia kwenye ungo.

"Tutabadilisha kitu kimoja," akasema. "Kimoja tu. Utakwenda nacho siku nzima, utarudi uniambie. Tukibadilisha viwili hatutajua kipi kimefanya kazi. Jinerini vijana walikuwa wanapenda kubadilisha vitano kwa pamoja, halafu mashine ikipona hawajui wamshukuru nani."

Tulianza na upepo. Tairi la mbele nilikuwa nalijaza kwa kukisia, laini, ili lisirukeruke kwenye mawe. Akaniambia nijaze mpaka dole gumba lisizame. Ikawa nyepesi kwenye njia ngumu, na kwenye mchanga ikawa inateleza. Nikamweleza. Akasema nipunguze pumzi kumi za pampu. Nilihesabu. Ikawa bora kidogo, lakini ndoo ilikuwapo.

Kisha sanduku. Nililifunga mwisho kabisa wa keria, kwa sababu pale ndipo kamba ilipofika vizuri. Aliniambia nishike nyuma ya baiskeli na kuinyanyua, kisha nishike mbele na kuinyanyua. Mbele ilikuwa kama haina kitu.

"Gurudumu linaloongoza halina uzito," akasema. "Litaongoza nini?"

Mama alishona mifuko miwili ya turubai, tukaining'iniza kila upande wa keria, chini na karibu na kiti. Mizani ikakaa kulia, kadi na dawa kushoto. Siku ile niliporudi kutoka kijijini sikusubiri hata kunawa uso. "Baba, sasa nimeihisi mbele!" Nilisema hivyo kwa sauti kubwa nikiwa bado langoni, na ni yeye aliyeinamisha macho kwa niaba yetu wote wawili.

Baada ya sanduku kikafuata kiti. Mimi ni mrefu, na kiti kilikuwa kimekaa nyuma mno ya bomba lake, nikawa naendesha kama mtu aliyeegemea ukuta. Kumbe kile kibano cha chini kinaweza kugeuzwa kikaangalia mbele. Akakigeuza. Nikawa nimekaa juu ya pedeli badala ya nyuma yake, na viwiko vyangu vikapata mahali pa kupinda. Hilo lilisaidia kuliko yote ya mwanzo. Kona za kawaida nikawa nazipata. Lakini zile za ghafla, kama ng'ombe akivuka au mtoto akikimbilia mpira wa matambara, baiskeli bado ilifikiri kwanza.

Ningekuwa mtu mwingine ningeridhika. Mganga wa zahanati aliniuliza mbona bado nahangaika na kitu kinachokwenda. Ukweli ni kwamba kila jioni kulikuwa na mtu nyumbani anayengoja kusikia mikono yangu imehisi nini, na kwamba nilikuwa nimeanza kuhisi vitu ambavyo zamani nilivipita tu. Nilijua sasa kwamba tairi hulia tofauti kwenye udongo mweusi na kwenye kichanga. Nilijua bega langu la kulia hufanya kazi kuliko la kushoto. Mambo haya hayakuwa na faida kwa mtu yeyote ila yalinifurahisha.

Wazo la kulinganisha lilikuwa langu, na ninajivunia mpaka leo. Jirani yetu alikuwa katekista, mwenye baiskeli ya miaka mingi iliyokata kona hata katikati ya soko. Nikaiazima Jumamosi moja. Tukaisimamisha karibu na yangu. Baba mkwe akaziangalia kwa muda mrefu sana, akahamisha kigoda, akaziangalia kutoka ubavuni. Kisha akaomba uzi wa katani na ufito ulionyooka.

Aliushikiza ufito kwenye shingo ya baiskeli ya katekista, sambamba na bomba ambalo usukani huzungukia ndani yake, akauteremsha mpaka ukagusa ardhi. Pale ulipogusa akachora alama kwa msumari. Kisha akateremsha uzi wenye jiwe kutoka katikati ya gurudumu la mbele, akachora alama nyingine. Kati ya alama mbili aliweka vidole vyake. Vitatu. Akafanya vilevile kwa baiskeli yangu. Vidole vitano, na nafasi ikabaki.

"Angalia foku," akasema, akionyesha uma wa chuma unaoshika gurudumu la mbele.

Niliangalia, sikuona kitu.

"Angalia inavyopinda mbele, kule chini. Ya katekista imejikunja kama pembe ya ndama. Yako imenyooka. Imesukumwa nyuma. Labda kwenye meli, labda kwenye lori, walipanga vitu juu yake. Kidogo tu. Jicho haliwezi kuona."

"Na hicho kidogo ndicho kinachonipeleka kwenye pamba za watu?"

Akafikiri atanielezaje. Akasema jinerini walikuwa na vitoroli vya kusukumia marobota, vyenye magurudumu madogo mbele yanayozunguka kwenye mhimili. Gurudumu likikaa nyuma sana ya mhimili wake, kitoroli kinapenda kwenda moja kwa moja, unakisukuma hata ukiwa na usingizi. Likikaa karibu na mhimili, kinageuka kwa kuguswa. "Gurudumu lako linaburutwa mbali," akasema. "Linafuata kama mtu aliyelazimishwa kwenda safari."

Kwa hiyo foku ilitakiwa ipindwe mbele tena. Hapo niliogopa. Baiskeli haikuwa yangu, ilikuwa ya kazi. Nikamwuliza mganga wa zahanati, nikitumaini atakataa ili tuachane na jambo hilo. Alikuwa na foleni ya wagonjwa mpaka nje. "Ikipona, vizuri," akasema bila kuinua kichwa. "Ikivunjika, utatembea kwa miguu."

Baba mkwe alikataa kabisa moto. Alisema chuma kile kikichomwa kitalegea na siku moja kitaniacha njiani. Kitapindwa baridi, kwa nguvu na kwa subira. Aliing'oa foku, akaibana shingo yake kati ya nguzo mbili za zizi la zamani, akapigilia kabari za mti. Kwenye ncha za chini akafunga ekseli kuukuu ili miguu miwili ya foku isiachane wala kukaribiana, kisha akapitisha hapo bomba refu la maji kama mpini wa kuvutia. Akashika bomba, akaegemea. Goti lake likakataa. Hakuweza kukita mguu. Akajaribu mara tatu, na mara ya tatu nusura aanguke.

Mama akaacha karanga, akaja, akavuta. Mama alikuwa mdogo wa mwili na mgongo ulimsumbua. Foku haikujua hata kama yupo.

Tukasimama wote watatu. Nilielewa kinachohitajika, na baba mkwe alielewa, na kila mmoja wetu akaangalia upande wake. Kushika bomba moja na baba mkwe wangu, bega kwa bega, tukivuta kwa pamoja! Nilihisi joto usoni.

Ni mama aliyesema. "Shikeni chuma. Nani amesema mshikane nyinyi?"

Baba mkwe akakohoa. Akasogea mpaka karibu kabisa na foku, akaweka kiganja chake pale chuma kinapojikunja. "Mama," akaniambia, na nadhani ni mara ya kwanza aliniita akiniangalia, "wewe shika mwisho wa bomba. Mimi nitashika hapa, nisikilize. Nikisema acha, acha."

Nikajifunga kanga kiunoni, nikashika mwisho wa bomba, nikakita miguu, nikavuta.

"Zaidi. Zaidi. Acha."

Nikaacha. Foku ikarudi pale pale ilipokuwa, kama haikutokea kitu.

"Inarudi," nikasema kwa masikitiko.

"Lazima irudi. Chuma kina deni la kurudi. Tutavuta kupita pale tunapotaka, ili ikirudi ifike pale tunapotaka. Vuta."

Sijui tulivuta mara ngapi. Jasho liliniingia machoni. Kila mara alinyamaza, kiganja kwenye chuma, kichwa kimeinama kama daktari anayesikiliza kifua. Mara nilihisi bomba limelegea mikononi, kidogo sana, na yeye akasema "Acha!" kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia.

"Weka kidole hapa," akasema.

Nikaweka. Chuma kilikuwa vuguvugu pale kwenye mkunjo. Hakukuwa na moto wala jua upande ule. Kilipata joto kwa kupindwa tu. Tukabaki tumeinama juu yake, yeye na mimi, tukigusa kwa zamu kama watoto waliokamata panzi.

Alipitisha gurudumu kuhakikisha miguu yote miwili ya foku iko sawa, akairudisha kwenye baiskeli, akakaza nati, kisha akapima tena kwa ufito na uzi. Vidole vitatu na nusu. Akasema inatosha. Mimi nikapanda palepale uani.

Nikageuza usukani kukwepa kinu, kwa nguvu zilezile nilizozoea kutumia kwa miezi miwili. Baiskeli haikufikiri. Ilikata kona kabla sijamaliza kuamua, nami nikaendelea kule nilikokuwa nakwenda, bila baiskeli, mpaka kwenye lundo la majivu.

Nilisikia sauti ngeni. Baba mkwe alikuwa anacheka. Alicheka ameshika nguzo, mabega yakitetemeka, na mama akacheka kwa sababu yeye anacheka.

"Imekuwaje?" akauliza alipoweza.

"Ni nyepesi!" nikapiga kelele kutoka majivuni. "Nyepesi mno, baba! Mikono yangu bado inafanya kazi ya jana!"

"Basi iambie mikono."

Tulikuwa tunaangaliana. Nilikumbuka nikiwa nimeshaangalia, nikatazama chini. Naye akageuka kutafuta spana ambayo ilikuwa mkononi mwake. Lakini mama alikuwa ameshaanza kuchagua karanga mbovu na nzima, na hakuna aliyesema kwamba kuna jambo limevunjika. Kuanzia siku ile niliendelea kumsalimia kwa magoti kila asubuhi, na kuokota vitu alivyoniwekea chini. Tulichoongeza ni mazungumzo tu.

Jumanne iliyofuata nilikwenda kijijini. Nilipita kichuguu kwa kuinamisha bega, na sikuamini, nikarudi nyuma nikapita tena. Nilikwepa mashimo moja moja kama mtu anayeruka kamba. Nilifika mapema kiasi kwamba akina mama hawakuwa wamekusanyika, nikaning'iniza mizani peke yangu, nikakaa chini nikila matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na kuiangalia ile baiskeli.

Njiani kurudi ndipo nilipoona kitu ambacho kilitusumbua mwaka mzima. Nilisimama kufunga mfuko, nikaangalia nyuma kwenye vumbi laini, nikaona alama za magurudumu yangu kwenye kona ya kushoto. Gurudumu la mbele, kabla ya kwenda kushoto, lilikuwa limekwenda kulia. Kiasi cha upana wa kiganja, kisha ndipo likarudi na kukata kushoto. Nikajaribu tena. Vilevile. Nikajaribu kona ya kulia, likaanza kushoto.

Nilimweleza baba mkwe kabla sijateremka vizuri.

"Haiwezekani," akasema. "Ni mkono wako wa kulia, umesema mwenyewe una nguvu."

"Na kona ya kulia je?"

Mama alikuwa amefagia ua asubuhi, ukiwa kama karatasi. Nikaendesha kuzunguka kinu, mara moja kushoto, mara moja kulia. Akasimama na fimbo yake, akaja mguu mmoja ukiburuta, akainama kadiri goti lilivyomruhusu. Akafuata ule mstari kwa ncha ya fimbo. Akarudi mwanzo, akaufuata tena.

"Inakwenda kulia ili iende kushoto," akasema taratibu.

"Ndiyo, baba."

"Na wewe hukujua unafanya hivyo?"

"Sikujua."

"Na katekista?"

Tukamwita katekista. Alikana katakata, akisema yeye hafanyi upuuzi huo. Akapanda, akazunguka kinu, na alama zake zikasema alichosema chuma changu. Alikasirika kidogo. Baba mkwe yeye alikuwa na furaha ambayo sikuweza kuielewa, kama mtu aliyeletewa barua kutoka mbali. Kwa miezi mingi alileta maelezo, nami nikayapeleka barabarani na kuyarudisha yamevunjika. Alisema ni ili mwili uegemee kwanza. Siku nyingine alisema hapana, ni gurudumu linajivuta kutoka chini yako. Hatukukubaliana mpaka mwisho.

Miaka michache baadaye mume wangu alipata nyumba upande wa Geita na mimi nikahamishwa kumfuata. Baiskeli ilibaki kwa muuguzi aliyenirithi, mwanamume mnene na mpole, ambaye nilisikia analalamika kwamba baiskeli ina wasiwasi, ukipiga chafya imeshageuka. Baba mkwe alikwenda mwenyewe zahanati kwa mkokoteni wa ng'ombe, akamrudishia kiti nyuma. Foku hakuigusa.

Siku ya kuondoka alinisindikiza mpaka langoni, umbali wake uleule. Akasema, "Huko milimani watu wanabeba mawe kwa baiskeli. Ukiona jinsi wanavyoyafunga, niandikie."

Niliandika. Barua zake zilikuja kwa mwandiko wa katekista, zikianza na salamu za watu wote na za ng'ombe, kisha maswali. Mume wangu alikuwa akizisoma na kucheka. "Huyu ni baba yangu?" akauliza mara ya kwanza. "Mimi hajawahi kuniandikia zaidi ya mistari minne."

Jumapili moja baada ya misa nikapanda njia ya machimbo. Wachimbaji walikuwa wanateremsha viroba vya mawe kwa baiskeli, hawakuzipanda, walizisukuma kwa fimbo ndefu iliyofungwa kwenye usukani na nyingine nyuma ya kiti, viroba vitatu vikiwa vimelala tumboni mwa baiskeli badala ya kwenye keria. Nikawasimamisha wawili, nikainama kwenye gurudumu la mbele na kuanza kupima kwa vidole. Walidhani nimetumwa na serikali. Mmoja akataka kukimbia.

"Ni kwa ajili ya mzee mmoja wa Shinyanga," nikawaambia. "Anataka kujua."

"Anataka kujua ili iweje?" akauliza yule mwingine, akifuta jasho kwa kola ya shati.

Nikamwomba ainyooshe baiskeli yake vizuri, maana nilikuwa nimepoteza hesabu ya vidole.